Jinsi ya kutumia rejista ya wahalifu wa ngono Marekani, na ya kumlinda mtoto pale rejista isipofika

Hii naandikia watu wetu walioko Marekani, mliofika juzi na mliokaa miaka, Columbus, Dallas, Louisville, Minneapolis, Phoenix, popote pale, na hasa wazazi wanaopiga shifti za usiku na inabidi watoto wabaki na mtu. Wengi hawajui kwamba hii nchi ina orodha ya wazi kabisa ya watu waliohukumiwa kwa makosa ya ngono, picha, jina, anwani, kosa lenyewe, na unaiangalia bure kwenye simu yako bila kufungua akaunti wala kuulizwa makaratasi ya uhamiaji. Na kati ya wanaoijua wapo walioiamini kupita kiasi, wanacheki mara moja, wanakuta mtaa hauna mtu, basi wamemaliza. Yote mawili yananiumiza roho kwa hiyo ntaeleza inavyotumika halafu ntaeleza inapoishia, na hapo pa pili ndo ntakaa sana.

Kwanza ujue imetoka wapi maana bila hivo hutaelewa imetengenezwa kumkamata nani. Oktoba 1989 kule St. Joseph, Minnesota, mtoto wa miaka 11 anaitwa Jacob Wetterling alitekwa na mtu mwenye bunduki akiwa anarudi nyumbani na baiskeli pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria yenye jina lake kwamba kila jimbo liwe na rejista, ila ilikuwa hasa kwa matumizi ya polisi. Mwaka huohuo, Julai, New Jersey, Megan Kanka wa miaka 7 akauawa na jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye alikuwa ameshahukumiwa huko nyuma kwa kudhuru watoto na wazazi wa Megan hawakuwa na habari hata kidogo. Ndo 1996 ikaja sheria ya Megan, habari ziwafikie wananchi. Baadaye 2003 mwanafunzi wa chuo kule North Dakota, Dru Sjodin, akatekwa na kuuawa na mtu aliyekuwa kwenye rejista ya Minnesota, jimbo la jirani, yaani orodha ilikuwepo lakini kila jimbo linashika yake. Ile websaiti ya taifa inayounganisha majimbo yote leo inabeba jina lake.

Angalia vizuri hizo kesi. Zote ni mtu wa nje, mgeni au jirani. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa kuingia. Nenda nsopw.gov, ni ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu na ni bure. Ukiona websaiti nyingine inakudai kadi ya benki ili ikuonyeshe "ripoti kamili" toka hapo haraka, kuna kampuni nyingi zinauza kitu ambacho serikali inatoa bure na mara nyingi habari zao zimeshapitwa. Itakutaka ukubali masharti ya matumizi kwanza, halafu unaweza kutafuta kwa jina, kwa zipu kodi (namba ya posta ya eneo) au kwa anwani. Kwa anwani inakupa wanaoishi ndani ya maili chache kuzunguka nyumba, ila si majimbo yote yanashiriki kwenye utafutaji wa anwani kwa hiyo ukipata sifuri usifurahi haraka, ingia pia kwenye websaiti ya jimbo lako lenyewe. Majimbo kadhaa, Ohio na Florida mfano, yanakuruhusu uache barua pepe yako ili ukiongezeka mtu karibu na anwani yako utumiwe taarifa, hiyo ifanye siku ya kwanza ukihama maana hakuna atakayekumbuka kurudi kucheki kila mwezi.

Wakati mzuri wa kucheki ni kabla ya kusaini lizi, yaani mkataba wa kupanga nyumba. Ukishasaini umefungwa mwaka mzima. Cheki anwani ya apatimenti, cheki ya shule, cheki ya mtu atakayebaki na mtoto, na njia atakayopita mtoto kwenda kusubiri basi la shule. Kingereza kikikusumbua tumia tafsiri ya simu au mwambie mtu mzima unayemwamini akusomee, usimpe mtoto wako wa miaka 10 akae anakusomea makosa ya watu wazima, najua watoto ndo wakalimani wetu benki na hospitali lakini hapa hapana.

Kusoma ukurasa wa mtu nako kuna namna yake. Usiishie kwenye picha. Soma kosa ni lipi, alihukumiwa mwaka gani, aliyeumizwa alikuwa mtoto au mtu mzima kama jimbo linaonyesha, na kama ameandikwa kwamba hatimizi masharti, yaani alitakiwa kuripoti na hajaripoti au hajulikani alipo, huyo ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi. Sheria ya serikali kuu ya 2006 inayoitwa Adam Walsh iliweka madaraja 3, la kwanza anabaki kwenye rejista miaka 15, la pili 25, la tatu maisha, na wa daraja la tatu anatakiwa kufika mwenyewe kuripoti kila miezi 3. Lakini majimbo hayafanani. Kuna yanayopanga kwa kosa na kuna yanayopanga kwa hatari, wameketi wataalamu wakapima uwezekano wa mtu kurudia. Na jambo ambalo watu hawalijui, kuna majimbo yanaficha baadhi. New York wa levo ya kwanza hawapo mtandaoni, inabidi upige simu ya jimbo uulizie mtu kwa jina. Massachusetts wa levo ya kwanza hawatolewi kwa umma. Minnesota wanaowekwa wazi kwenye websaiti ni hasa wa levo ya tatu, na mtu wa levo hiyo akihamia eneo polisi huitisha mkutano wa wakazi kueleza. Mkisikia mkutano huo nendeni, hata kama Kingereza ni cha kuunga unga, pale ndo unauliza maswali uso kwa uso na ofisa anayemsimamia huyo mtu.

Sasa kitu kinachotuhusu sisi sana, majina. Unatafuta Mohamed Ali au Jean Claude au Joseph Peter unapata watu kumi na wewe ushaanza kutetemeka. Halafu unaangalia tarehe ya kuzaliwa ikuhakikishie, inasema Januari 1. Jamani, wengi waliotoka kambini Nyarugusu na Kakuma wamezaliwa Januari 1 kwenye makaratasi, maana asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo, tarehe hiyo kwetu haithibitishi chochote! Kwa hiyo jina na tarehe havitoshi kumhukumu mtu, lazima picha, umri, anwani na alikopita vyote vikubaliane, na kama bado una shaka piga ofisi ya sherifu wa kaunti uulize. Usitume skrinshoti kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya na maneno "jihadharini na huyu". Ukikosea umeua jina la mtu na watoto wake shuleni, na hata kama hukukosea bado kuna jambo la kufikiria.

Aprili 2006 kijana mmoja kutoka Kanada alichukua anwani kwenye websaiti ya Maine akaenda kuua wanaume wawili kwenye nyumba zao. Mmoja wao aliwekwa kwenye ile orodha kwa sababu akiwa na miaka 19 alilala na rafiki yake wa kike aliyekuwa anakaribia kutimiza 16. Mama yake alizika mwanae kwa sababu ya ukurasa wa intaneti. Ndo maana kila websaiti hizi ina onyo kwamba kutumia habari zake kumtisha, kumfuata, kumharibia mali mtu ni kosa na utashtakiwa, na wewe mwenye kadi ya kijani au kesi ya hifadhi ukishtakiwa hivo unahatarisha mengi kuliko mwenyeji. Jirani akiwa kwenye orodha unachofanya ni kujua sura, kuwaambia watoto wasiingie kwenye ile nyumba wala wasipande gari lile, na ukiona anavunja masharti, mfano kazi yake sasa inamweka na watoto, unapiga simu polisi. Basi. Hugongi mlango wake.

Hiyo kesi ya Maine inanipeleka kwa vijana wetu wa kiume na hapa naomba wazazi msikie vizuri. Umri wa kuridhia, yaani umri ambao sheria inakubali mtu aseme ndiyo kwa ngono, hapa unabadilika kwa jimbo, Ohio na Minnesota ni 16, Texas 17, California 18. Kijana wa miaka 19 aliyekulia kambini au Kigoma au Goma ambako hakuna aliyewahi kumwambia habari hizi, anapendana na binti wa 15 kanisani, wazazi wa pande zote wanajua, wengine mpaka wameanza kuongea mahari, na siku shule inagundua ile ni kesi ya jinai. Binti ni mtoto na analindwa na sheria, hilo halina mjadala na mahari haibadilishi kitu. Na picha za utupu kwenye simu za watoto wa chini ya 18, hata kama binti kajipiga mwenyewe akatuma kwa hiari, kuwa nazo tu ni kosa zito. Kaa na kijana wako umwambie kwa lugha anayoielewa, mapema. Na kama ameshakamatwa asikubali kosa kwa haraka "ili yaishe" kabla hajaongea na wakili anayejua mambo ya uhamiaji, maana kukubali kosa la aina hii kunaleta rejista na mara nyingi kunaleta kurudishwa nchi alikotoka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo ya kurudishwa, kwa hiyo muulizeni wazi.

Haya, sasa inapoishia rejista.

Takwimu za Wizara ya Sheria ya Marekani zilizotoka mwaka 2000, za kesi zilizofika polisi, zilionyesha watoto waliodhulumiwa kingono asilimia 34 walifanyiwa na mtu wa familia, karibu asilimia 59 na mtu wanayemfahamu, na asilimia 7 tu na mgeni. Saba. Rejista ilizaliwa hasa kwa ajili ya hao saba. Na hizo ni kesi zilizofika polisi tu, watu wa aina ya wale 93 wapo wengi wasio kwenye orodha yoyote kwa sababu hawajawahi kushtakiwa, na hawajawahi kushtakiwa kwa sababu kikao cha familia kilikaa kikasema haya tuyamalize nyumbani. Wizara hiyohiyo ilifuatilia wafungwa wa majimbo 30 waliotoka jela 2005, na waliokuwa wamefungwa kwa ubakaji au dhuluma ya ngono, ndani ya miaka 9 walioshikwa tena kwa kosa la aina hiyo walikuwa asilimia 7.7. Ni wengi kuliko wafungwa wengine, sibishi, na walioshikwa si wote waliotenda, lakini utaona mwenyewe kwamba aliyeko kwenye orodha polisi wanamjua, anaripoti, anaangaliwa. Asiyeko ndo anakula ugali mezani kwako.

Kuna kesi moja Wakenya mnaikumbuka. Kijana wa Oklahoma alienda mara kadhaa kujitolea kwenye makao ya watoto Nairobi, mcha Mungu, anapendwa, 2014 ikagundulika amewadhulumu watoto pale, na 2016 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 40. Kabla ya hapo ungetafuta jina lake kwenye rejista usingekuta kitu. Tangu 2016 kuna sheria nyingine inayotaka aliyesajiliwa kwa kosa dhidi ya mtoto atoe taarifa siku 21 kabla ya kusafiri nje, na pasipoti yake iwe na maandishi yanayosema kosa lake. Kwa hiyo ndugu zetu Mombasa, Malindi, Zanzibar, Arusha mnaopokea wajitoleaji kwenye vituo vya watoto, ombeni pasipoti na msome kurasa zake, na hiyo nsopw.gov mtafute jina, lakini msiishie hapo, hakuna mjitoleaji anayetakiwa kubaki peke yake na mtoto usiku. Yeyote, hata askofu.

Turudi nyumbani. Namna ya mtu wa aina hii anavyoingia inafanana sana popote. Anaanza na wazazi, si mtoto. Anawasaidia, anawapa lifti, anakuja kutengeneza kompyuta, anasema mama wewe umechoka nenda kazini mimi ntabaki nao. Kisha anamchagua mtoto mmoja, zawadi ndogo, simu, chipsi, "usimwambie mama ntakununulia nyingine". Anatafuta muda wa peke yao. Anaanza mzaha wa kugusana mbele yenu kabisa, kutekenyana, kubebana mtoto mkubwa, ili mtoto aone kwamba wazazi wameona na hawajasema kitu. Ukiona siri kati ya mtu mzima na mtoto, hata siri ya peremende, hapo simama. Sheria ya nyumba iwe moja tu na kila mgeni aijue: watoto wa nyumba hii hawana siri na mtu mzima.

Kwa vitendo sasa. Binamu amefika kutoka Afrika anatafuta kazi, atalala wapi? Sebuleni, na watoto mlango wao, na wewe unaamka usiku kuchungulia bila aibu. Lifti ya mazoezi ya mpira, watoto wawili au zaidi, si mmoja. Mwalimu wa madrasa au wa Sunday school, mlango wazi, au darasa la mtandaoni mtoto akae sebuleni na sauti isikike, si chumbani na hedifoni. Yaya, hata kama ni shangazi, rudi nyumbani mapema siku moja bila kusema. Kulala kwa rafiki, mimi msimamo wangu ni hapana mpaka mtoto awe mkubwa, watoto watanuna, wacha wanune. Na usisahau vijana wakubwa, sehemu kubwa ya wanaodhulumu watoto ni wenyewe chini ya miaka 18, kwa hiyo kumwachia kijana wa 14 watoto wadogo usiku kucha wiki nzima si malezi, ni bahati nasibu.

Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake, kwa Kiswahili na Kingereza. Najua mdomo unakuwa mzito, sisi tumelelewa na "huko chini" na "kidudu", lakini mtoto akimwambia mwalimu kwamba ankali kanigusa kidudu mwalimu Mmarekani hataelewa kitu, na akisema jina lenyewe ripoti inafunguliwa haraka. Mpe maneno ya kusema na myafanyie mazoezi kwa sauti: "Hapana, sitaki, namwambia mama." Mara tatu nne mkicheka, mpaka yamkae mdomoni. Na heshima zetu za kumlazimisha mtoto akamkumbatie kila mgeni, achana nazo, shikamoo inatosha, mtoto asiyetaka kukumbatiwa asikumbatiwe na usimfokee mbele za watu. Ndo anajifunza mwili ni wake.

Na siku mtoto anakuambia, uso wako ndo kila kitu. Ukipiga kelele atafuta maneno. Mwambie nakuamini, hukukosea, umefanya vizuri kuniambia. Usimhoji mara kumi, usimwite huyo mtu mje mkabiliane mbele ya mtoto, usimpelekee mchungaji au imamu kwanza. Kama limetokea karibuni usimwogeshe wala kufua nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, nendeni emajensi. Hatari ikiwa ya sasa hivi piga 911. Vinginevyo kuna simu ya taifa ya watoto 1-800-422-4453 na ya waliodhulumiwa kingono 1-800-656-4673, usiku na mchana. Ukipokelewa sema neno moja, "Swahili", halafu usikate, subiri mkalimani aunganishwe kama wanaye, kuna ukimya kidogo watu wanadhani simu imekatika. Mkalimani akiwa mtu wa jumuiya yenu unayemjua sema humtaki na uombe mwingine. Kenya na Tanzania namba ya simu ya watoto ni 116, bure.

Mtoto atahojiwa, mara nyingi kwenye kituo maalum cha watoto ambapo mtu mmoja aliyesomea anaongea naye kwenye chumba tulivu na polisi wanasikiliza upande wa pili ili asirudie rudie hadithi. Usimfundishe cha kusema. Ulizia kama wana mtaalamu wa kumsaidia baada ya hapo, na ulizia mwenyewe mapema mkalimani wa Kiswahili atakuwepo siku hiyo, usisubiri wakumbuke.

Mama zetu wasio na makaratasi mnaogopa, naelewa. Kuripoti kosa polisi hakuhitaji makaratasi, na ipo viza ya U kwa walioumizwa na makosa kama haya wakashirikiana na polisi, na mzazi wa mtoto aliyeumizwa naye anaweza kuingia humo. Wakili wa msaada wa bure wa uhamiaji ndo mtu wa kumuuliza, piga kabla ya kuhojiwa kama muda upo, na kama muda haupo mtoto kwanza. Wazee wa jumuiya watakuja jioni na soda na maneno mazuri, wataongelea jina la ukoo na kanisa na huyo baba ana watoto watano. Wakaribishe, wape chai, na uwaambie ripoti imeshafunguliwa na ina namba.